Nyumba za Nyuma ya Migomba: Tulivyopanga Tathmini ya Chanjo Mabira

Niliripoti kazini kwa mara ya kwanza katika zahanati moja ya Nyabiyonza mwaka 1978, muda mfupi kabla ya vita vya Kagera. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya uhudumu wa afya ya mama na mtoto, sare yangu imepigwa pasi ya mkaa, na viatu vimeshika matope tangu niliposhuka kwenye lori la kahawa. Mganga wa zahanati, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu, kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye jokofu la chanjo. Halikuwa la umeme. Lilifanya kazi kwa utambi wa mafuta ya taa uliokuwa ukiwaka chini yake.

"Sista, moto huu ukizimika, chanjo zinaharibika," aliniambia. "Na zikiharibika huwezi kujua kwa kuzitazama. Utaendelea kuchoma watoto sindano ukidhani umewakinga, kumbe unawachoma maji."

Nilikuwa msichana, nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuinama na kuchungulia ule moto kila nilipopita. Vita vilipokuja, barabara zikajaa askari na mafuta ya taa yakawa ya kutafutwa kwa shida, hofu yangu iliongezeka. Mgonjwa wa malaria ukimpa dawa akapona, unamwona anainuka na kuomba uji. Mtoto aliyekingwa surua hana cha kukuonyesha. Anacheza tu kama wengine. Kazi ya kinga ina hofu yake ya pekee: unaweza kuifanya vibaya miaka mingi na usijue.

Hofu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye tathmini. Vijana mnaofanya kazi hii leo mna kompyuta na semina, lakini wakati wetu neno lenyewe lilikuwa geni. Wengi walidhani tathmini ni ukaguzi, kwamba kuna mtu anakuja kutafuta makosa ili awafukuze wenzake kazi. Sivyo. Tathmini ni kujiuliza kama kazi mliyoifanya imeleta mliyoyakusudia. Na kuipanga kimkakati ni kuamua mapema, kabla hamjatoka ofisini, mtauliza swali gani, mtamuuliza nani, mtatambuaje jibu la kweli, na jibu hilo litatumika kwa kazi gani. Msipopanga, mtarudi na majibu mengi ambayo hayamsaidii mtu.

Miaka ya themanini nilihamishiwa Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, nikawa msaidizi wa Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, kwa hiyo eneo letu lilikuwa kubwa na gari lilikuwa bovu. Taarifa zilizotoka kwenye zahanati zilipendeza. Dozi zilizotolewa zilikuwa nyingi, na ukizilinganisha na idadi ya watoto waliokadiriwa kuwepo, ungesema karibu kila mtoto amechanjwa. Hata hivyo, kila msimu wa kiangazi wodi ya watoto ilikuwa ikijaa surua, na wengi wa wagonjwa walitoka upande wa Mabira.

Mganga Mkuu wa Wilaya alituita watu watatu ofisini kwake: Mratibu, Bwana Afya wa Wilaya, na mimi. Alikuwa mtu mrefu, msomi, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee ili umsikie. Nilimwogopa sana. Akiuliza jambo, alikaa kimya mpaka ujibu.

"Ama chanjo zetu ni mbovu," alisema, "ama kuna watoto hatuwafikii. Haya ni maswali mawili, na kila moja lina dawa yake. Nataka mpango wa kutujulisha ni lipi."

Tulikaa kwenye mpango ule juma zima. Tulikubaliana kupita kaya kwa kaya, kaya maana yake ni watu wanaopika chungu kimoja, na kuangalia kadi ya kliniki ya kila mtoto mdogo. Kadi ndiyo ingekuwa kiashiria chetu, yaani alama ya kututambulisha hali halisi. Tungeanza Nyakasimbi, ambako surua ilikuwa kidogo, ili tupate cha kulinganisha, kisha tungekwenda Mabira. Balozi wa nyumba kumi angetuongoza kwenye kila kitongoji.

Bwana Afya ndiye aliyegusa donda. "Balozi atatupeleka kwenye nyumba anazozihesabu yeye," alisema. "Mabira kuna vibarua wengi, watu waliotoka Rwanda na Burundi. Wanalala kwenye vibanda nyuma ya migomba ya matajiri wao. Balozi hawahesabu."

"Basi wahesabiwe," alisema Mganga Mkuu. "Waandikeni kwenye mpango. Na hapo hapo mwandike kwamba hatutachukua jina la mtu yeyote."

Mimi nilipinga. Nilikusanya ujasiri nikasema kwamba bila majina tutawapataje tena watoto ambao hawajachanjwa? Nikadhani nimejiharibia. Kisha akasema, "Sista Adelina, unataka kuwapata tena. Je, ni wewe tu unayetaka kuwapata? Karatasi ikishaandikwa huwezi kuchagua nani aisome." Akageukia dirishani. "Mtabeba chanjo. Mkishaona kadi, au mkiona kwamba hakuna kadi, mchanjeni mtoto pale pale mlangoni. Mtapanga siku ya kurudi kwa dozi inayofuata, na mtarudi kwa miguu yenu."

Bwana Afya alilalamika kwamba kuchanganya kupima na kutibu kunavuruga tathmini. Alijibiwa kwamba tupime kwanza, tuchanje baadaye, na kila kitu kitabaki safi. Ndivyo mpango ulivyosainiwa.

Nyakasimbi ilikwenda vizuri. Akina mama walitutolea kadi zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni na kutundikwa darini, na kila nyumba tulikaribishwa ndizi au togwa. Nilirudi na moyo mwepesi. Mabira ikaja kuuondoa wepesi huo wote.

Tuliingia asubuhi kwa Landrova ya serikali. Balozi, mzee wa heshima na kanisa, alituonyesha nyumba za bati moja baada ya nyingine, na kadi zilikuwepo. Tulipofika kwenye kibanja cha mkulima mmoja aitwaye Mzee Kalisti, kibanja kwa lugha ya huku ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, niliona njia nyembamba inayoingia nyuma ya migomba.

"Huko kuna nani, waitu?" nilimuuliza balozi, nikimwita kwa heshima ya kwetu.

"Huko hakuna watu," alisema. "Ni vibarua."

Hakusema kwa ubaya. Kwake lilikuwa jibu kamili.

Tulifuata njia ile. Tulikuta vibanda vya nyasi, vyote vitupu. Lakini moto ulikuwa unawaka chini ya chungu cha maharage, na nguo ya mtoto iliyotoka kufuliwa ilikuwa inadondosha maji kwenye kamba. Walikuwa wamekimbia dakika ile ile, waliposikia gari. Nilisimama katikati ya vibanda nikiwa na hakika kwamba kuna watu wananitazama kutoka kwenye kahawa. Mahali fulani mtoto alikohoa, kikohozi kile kikavu cha surua ambacho muuguzi hakisahau, kisha kikazibwa kwa kiganja.

Bwana Afya alitaka tuandike kuwa kaya hazikuwepo, tuendelee. Kwa utaratibu alikuwa sahihi. Lakini mimi sikuweza kutoka pale. Mtoto yule alikuwa na surua, na wenzake walikuwa wamejificha naye pamoja, wakivuta pumzi moja.

Tuliporudi uani, nilimweleza mke wa Mzee Kalisti, tuliyemwita Mama Kalisti, mama mnene mwenye rozari shingoni. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma lori lilikuja kuwachukua watu wasio na karatasi, na lori hilo lilitanguliwa na mtu aliyepita akihesabu. "Wakiona gari na mtu wa kalamu, hawangoji kuuliza," alisema. "Lakini mtoto wa Dafroza, anayekaa huko nyuma, ni wangu wa ubatizo. Njoo kesho bila gari. Nitakwenda na wewe."

Gari lilirudi Kayanga. Mimi nikalala kwa masista wa parokia, na kesho yake nilitembea na Mama Kalisti, yeye mbele, mimi nyuma na kibebeo cha chanjo begani. Barafu iliyokinga chanjo ilikuwa inaendelea kuyeyuka na mimi najua. Nilikuwa nimevaa kanga juu ya sare yangu.

Dafroza alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri wangu, miguu imepasuka kwa kulima. Alisimama mlangoni kwake, hakunipisha.

"Shikamoo," alisema, kwa Kiswahili kizito.

"Marahaba, dada. Nimekuja kuwaona watoto."

"Mkishatuhesabu, lori linakuja lini?"

Nilimjibu kwamba hakuna lori. Akanitazama mikononi. "Oya, muganga," alisema kwa lugha yao, yaani hapana, daktari. "Hata yule wa kwanza alisema hivyo."

Nilimwonyesha karatasi yangu, ingawa hakujua kusoma, nikamwambia Mama Kalisti aisome kwa sauti. Ilikuwa na miaka ya mtoto, kadi ipo au haipo, chanjo ipi. Mahali pa jina hapakuwepo. Mama Kalisti alimtafsiria taratibu, akarudia. Hapo ndipo nilipomwelewa Mganga Mkuu.

Dafroza alinipisha. Ndani palikuwa na watoto watano, wawili wake na watatu wa vibanda vya jirani. Mkubwa wake, msichana wa miaka kama minne, ndiye aliyekuwa akikohoa. Macho yamefumbwa na tongotongo, vipele vimejaa mwili mzima. Nilisema aende hospitali siku ile ile. Mama akakataa. Hospitalini wangemuuliza jina na kijiji.

"Wataniuliza nimetoka wapi," alisema. "Nitasema nini?"

"Watauliza, na mimi ndiye nitakayejibu," alisema Mama Kalisti. "Huyu ni mtoto wangu wa ubatizo. Anatoka kwangu. Nani atanibishia?"

Dafroza na Mama Kalisti walimfunga mtoto mgongoni wakaondoka wakimbeba kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Mimi nilibaki nikiwachanja wengine, nikiomba nisiwe nimechelewa, maana chanjo ya surua inahitaji siku kadhaa ili mwili uipokee. Akina mama wengine walianza kutoka kwenye kahawa mmoja mmoja. Kadi hawakuwa nazo. Karibu watoto wote niliowaona nyuma ya migomba siku ile na siku zilizofuata hawakuwa wamewahi kuguswa na sindano. Pamoja na ya surua, niliwapa dozi ya kwanza ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na matone ya polio, nikawaambia nitarudi kwa dozi ya pili.

Binti wa Dafroza alipona, ila jicho lake moja lilibaki na ukungu. Mtoto mchanga wa kibanda cha tatu, ambaye naye alishikwa na surua, hakupona. Nilipata habari zake nikiwa tayari Kayanga.

Kwa hiyo jibu la swali la Mganga Mkuu lilikuwa wazi. Chanjo zetu zilikuwa nzima, kwa kuwa wenye kadi hawakuwa wameugua surua. Watoto ndio hatukuwafikia, kwa kuwa tulikuwa tumepanga kufikia nyumba, na wao hawakuwa na nyumba machoni petu. Alisoma taarifa yetu, akaituma mkoani, na akaagiza siku za kliniki ya kutembea katika vitongoji vile. Nilidhani kazi imekwisha.

Baada ya muda akaja ofisa mmoja kutoka juu. Cheo chake sitakitaja, wala ofisi yake. Alikuwa ameisoma ile taarifa, na hakuwa na shida na surua. Niliitwa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, na Mganga Mkuu nyuma ya meza yake, ametulia kama kawaida.

"Wewe ndiye uliyewaona hawa watu?" aliuliza ofisa.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Majina yao yako wapi?"

"Hatukuchukua majina."

"Tathmini gani hiyo isiyo na majina?"

Mganga Mkuu alijibu kabla yangu. "Ni yangu. Niliipanga hivyo na nikaisaini. Nilitaka kujua watoto wangapi hawajachanjwa. Jina halizuii surua."

Ofisa hakumwangalia. Aliendelea kunitazama mimi. "Njia unaijua?"

Nilikuwa na watoto nyumbani na mama yangu mgonjwa, na mshahara wangu ndio uliowalisha. Ningeweza kusema kwamba nimesahau, kwamba migomba yote inafanana. Lakini sikuwahi kuwa hodari wa kudanganya, na yeye angejua.

"Naijua, mheshimiwa," nilisema. "Lakini niliwaambia akina mama wale kwamba hakuna atakayekuja nyuma yangu isipokuwa mimi na chanjo. Nikikupeleka, siku nyingine hawatamfungulia muuguzi yeyote. Na surua haibagui. Ikitoka kwenye vibanda itaingia kwenye nyumba za bati."

Nilisikia mashine ya kuchapa ikigonga chumba cha pili.

"Unakataa agizo?"

"Sista yuko chini yangu," alisema Mganga Mkuu, sauti yake ikiwa ya chini kuliko wakati wowote. "Agizo lake leo ni kwenda kliniki, na amechelewa. Nenda, Sista."

Nilitoka nikaenda kliniki. Ofisa aliondoka na gari lake akisema atatuandikia. Tangu siku hiyo, kila gari lililosimama nje ya ofisi lilinifanya niache ninachofanya. Nilianza kuota kwamba nimemwonyesha njia. Mama yangu aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Barua yangu haikuja kamwe. Lakini kabla ya mvua za vuli Mganga Mkuu alihamishiwa mkoa wa mbali. Sikuambiwa sababu, na watumishi huhamishwa kila siku, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa ni kwa ajili yetu. Siku anaondoka alinipa mkono, akaniambia, "Dozi ya pili, Sista. Usiichelewe."

Nilikuwa nimeshaichelewa kwa kuogopa kufuatwa. Nilikwenda peke yangu, kwa kuzunguka, nikitazama nyuma kama mwizi. Habari za gari la ofisa zilikuwa zimefika Mabira kabla yangu, maana wafagizi wa ofisi wana ndugu kila mahali. Vibanda vingi vilikuwa vimebaki wazi, nyasi zimeanza kuota mlangoni. Hakuna lori lililokuja. Habari zilitosha.

Dafroza alikuwepo. Alikuwa anapalilia kahawa, na aliponiona hakukimbia. Alitupa jembe, akanishika mkono, akanipeleka yeye mwenyewe kwenye vibanda ambavyo Mama Kalisti hakuvijua, mbali bondeni karibu na mafunjo. Kila mlango alisema maneno machache kwa lugha yao, na mlango ukafunguliwa. Tulichanja mpaka barafu ikaisha.

"Uliwaambiaje?" nilimuuliza tulipokuwa tunarudi.

"Nimewaambia ulisema utarudi, na umerudi."

Baadaye nikawa Mratibu wa Wilaya mwenyewe. Nilifanya kazi chini ya waganga wakuu kadhaa, wengine wazuri, wengine wa kupenda taarifa za kupendeza tu. Katika kila mpango wa tathmini niliousimamia nilidai mambo mawili: tuanze na nyumba ambazo balozi hatatuonyesha, na tuandike mapema ni nani hataruhusiwa kupata majibu yetu. Wengine walinung'unika kwamba namna hiyo inachelewesha kazi. Miaka ya tisini, wakimbizi walipofurika wilayani na magonjwa yakaingia nao, sikuhitaji tena kumweleza mtu kwa nini. Surua ilipozuka, vitongoji vya nyuma ya migomba huko Mabira vilipata wagonjwa wachache. Huo ulikuwa ushahidi mzuri kuliko karatasi yoyote niliyowahi kusaini, na siku ile nilikunywa chai yangu mpaka mwisho bila kuinuka kwenda kuchungulia moto wa jokofu.

Sasa nimestaafu. Nina migomba yangu na kahawa kidogo, na vijana wa afya hupita kwa pikipiki wakiniomba niwaeleze tulivyofanya. Wana vifaa vizuri na wanajua mahesabu ambayo sisi hatukuyajua, na ninawaheshimu kwa hilo. Mmoja, binti mwerevu, aliniuliza juzi kama tathmini ile ya Mabira ilifaulu.

Nilitaka kumjibu haraka kwamba ndiyo. Wodi ilipungua wagonjwa, kliniki ya kutembea ikaendelea, na binti wa Dafroza ana watoto wake sasa, wote wamechanjwa. Lakini nikawakumbuka wale wengine. Niliwapa watoto wao dozi ya kwanza kwa mkono wangu, nikawaambia nitarudi, kisha tukaandika taarifa ya kweli, na taarifa ile ya kweli ikaleta gari. Waliondoka na watoto wenye dozi moja. Sijui walipitia njia gani, wala kama huko walikofika kulikuwa na muuguzi. Hatukuchukua majina, kwa hiyo hata leo siwezi kuwaulizia. Ningerudia kupanga vivyo hivyo, bila majina.

"Ilifaulu kwa waliobaki," nilimwambia yule binti. "Walioondoka sijui."

Aliandika sehemu ya kwanza. Nikamwomba aandike na ya pili.